Gari la kukodi na dereva, Bukavu hadi Kamanyola kwa njia ya Ngomo: uzoefu wangu

Anayetafuta bei asisumbuke kusoma hadi chini: nililipa dola 100 kwa siku, jipu pamoja na dereva, mafuta juu yangu. Kwa pesa hiyo nimeshapata gari zuri kuliko lile hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Dereva kama yule sijapata, na ukiteremka mlima wa Ngomo unamlipia dereva, gari ni nyongeza.

Safari hii tuliifanya kabla ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu. Kwa hiyo anayetaka kuifuata leo aanze kwa watu waliotoka Kamanyola jana, wamwambie barabara ikoje, ndipo ampigie wakala.

Nilikuwa na wageni, dada yangu mkubwa na mume wake, watu wa Lubumbashi. Huko kwao nchi ni tambarare, na shemeji ni fundi umeme, basi alitaka kuuona mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu na kuufuata mpaka unapofika bondeni. Si jambo dogo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika liko 770 hivi. Ruzizi unashuka tofauti yote hiyo kwa kilomita kama 120 tu, na sehemu kubwa ya mteremko inakuwa imekwisha kabla ya Kamanyola. Ndiyo sababu maji yanayoonekana mapole pale mpakani na Rwanda yanageuka ya makorongo ukisogea kidogo kusini, na ndiyo sababu mitambo ya umeme iko huku juu: Ruzizi I ya mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya 1989, inayoendeshwa na kampuni ya SINELAC kwa niaba ya Kongo, Rwanda na Burundi. Shemeji alikuwa ameshatoa simu apige picha. Dereva akamwambia bila kugeuka, “Papa, hiyo weka mfukoni. Bwawa na mpaka hatupigi.” Tulipita kimya.

Nirudi kwenye mipango, maana hapo ndipo wakala alinifurahisha kwanza. Wakati huo wengi waliokwenda Kamanyola au Uvira kwa gari hawakupita Ngomo hata kidogo. Walivuka mpaka wa Ruzizi II, wakafuata lami ya Rwanda mpaka Bugarama, halafu wakaingia tena Kongo kwa daraja la Kamanyola. Mama aliyepokea simu yangu alianza kunipangia hivyo hivyo. Nilipomwambia wageni wangu wanatafuta mlima, si lami, hakubishana wala hakupandisha bei. Aliuliza kama kuna mtoto, kama kuna anayeogopa urefu, na kama sote tuna pasi au kadi ya CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kisha akapanga: kushuka kwa Ngomo asubuhi mapema, kurudi kwa Rwanda mchana. Nakubaliana naye kabisa. Ukifanya kinyume, Ngomo inakukuta jioni, unapanda umechoka, na uzuri wote unaubakiza nyuma ya kisogo chako.

Programu ya ramani kwenye simu yangu haikujua lolote kati ya hayo. Kwayo hiyo ni barabara ya taifa namba 5, imechorwa mstari mnene kama lami, na saa ilizotupa zingemchekesha hata motari wa pikipiki. Itumie kujua umefika wapi. Kupanga muda, uliza shofa.

Baada ya Nyangezi barabara ya udongo inaanza kubana. Ngomo yenyewe ni njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima, sehemu nyingi gari mbili hazipishani, na kona zake zinakunjika ghafla kama kiwiko. Hapo ndipo nilipoona kwa nini yule mzee, dereva wetu, naye anaitwa Papa na madereva wote. Kabla hatujaingia kwenye mteremko alisimama, akapiga simu kwa watu wake wa chini, akauliza kama makamyo yameshaanza kupanda. Yalikuwa yameanza. “Mama, tutangoja hapa. Lori lenye mzigo halirudi nyuma, sisi ndio tutarudi.” Tukangoja kwenye upana wa barabara, pamoja na wamama waliobeba ndizi, mpaka lori la mwisho lilipopita na utingo wake akining'inia nyuma na kigingi mkononi. Tulipoanza kushuka hakugusa breki ovyo. Aliweka gia ndogo akaiacha injini ishike gari, na kila kona alipiga honi kabla hatujaiona.

Sasa ya macho. Mnapoteremka kusini, mto uko kushoto kwenu. Mnaporudi kaskazini kwa upande wa Rwanda, mto uko kushoto tena. Kwa hiyo kiti cha nyuma ya dereva ndicho cha kugombania, kwenda na kurudi. Dada alikaa hapo na hakumwachia mtu. Mwanzoni unaona milima tu, mashamba ya mihogo na migomba yaliyosimama wima, na Ruzizi unaotokea na kupotea chini kabisa. Halafu kona moja inafunguka, na uwanda wote wa Ruzizi umelala mbele yako mpaka macho yanaposhindwa, na mto unapindapinda katikati, Kongo huku, Rwanda kule, Burundi mbele zaidi. Dada alinyamaza, jambo ambalo shemeji alilitaja mara kadhaa siku hiyo. Huko nyuma mto huu haukuwa na njia hii: maji ya eneo hili yalikwenda kaskazini, volkano za Virunga zikaziba, ziwa likajaa mpaka likamwagikia kusini. Ukiwa juu ya Ngomo hilo linaaminika kwa urahisi.

Kamanyola ni joto. Masweta ya Bukavu yanavuliwa kabla gari halijasimama. Tulikula bugali na samaki, tukanunua maembe, na shemeji akataka kuonyeshwa lile daraja la mapigano ya 1964, yaliyompa Mobutu jina la kuita kikosi chake na baadaye uwanja wa Kinshasa. Kurudi kwa Bugarama ni lami, mashamba ya mpunga, kisha kupanda taratibu. Pazuri, lakini baada ya Ngomo unaweza hata kusinzia.

Malalamiko ninayo. Viti vya nyuma havikuwa na mikanda. Kwenye genge kama lile hilo si jambo la kusamehe. Gurudumu la akiba lilikuwa limekwisha meno, nikakataa kuondoka mpaka wakaleta jingine, tukapoteza saa nzima ya asubuhi. Na tuliporudi ofisi ilitaka kutudai muda tuliokaa kwenye foleni ya mpaka, ati ni saa za ziada. Tulivutana, tukagawana nusu kwa nusu. Dereva hakuingia kwenye ugomvi huo, nami nilimpa chake pembeni.

Nawapa nyota nne, tatu kati yake ni za yule mzee. Ukipiga simu kwa wakala yeyote mjini, usiulize kwanza aina ya gari. Uliza dereva ameteremka Ngomo mara ya mwisho lini, na kama ni msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, uliza pia ana minyororo au kamba ya kuvutia, maana udongo ule ukilowa malori yanakwama na nyuma yao hakuna anayepita. Mambo ya saa za kungoja mpakani yaandikwe kwenye risiti kabla hujatoa pesa. Na anayetapika kwenye kona ale kidogo asubuhi, akae mbele.