Kadi ya setilaiti niliyouziwa Kariakoo: soma hapa kabla hujatoa hela yako

Naandika nikiwa bado na donge. Ilikuwa Ramadhani, si hii ya juzi, nadhani ile ya kabla yake, na mpaka leo nikikaribia mtaa ule wa Kariakoo nakata kona ya pili ili nisilione lile duka.

Baba yangu ni mtu mzima na anaumwa. Dawa zake za usiku zinamlaza mapema, saa mbili keshapitiwa. Tarawehe ya Makka huanza karibu saa tatu usiku, na saa za kule ni hizi hizi za kwetu, kwa hiyo kila siku ilikuwa ikimpita amelala. Miaka yote alikuwa akienda msikitini hapa Mbagala kwa miguu yake. Sasa hata kufika barazani ni mpaka ashikwe mkono. Akaniambia, "Mwanangu, ningeiona hata asubuhi."

Risiva yetu ya chaneli za bure iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Lakini dishi la futi sita lilikuwepo batini, LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya C, ile ya madishi makubwa, nzima, waya mzima, na kompyuta ya mezani ninayo. Nikapiga hesabu: nikichomeka kadi ya setilaiti ndani ya kompyuta, itarekodi yenyewe usiku, asubuhi mzee anaangalia huku anakunywa dawa zake. Raha ya kadi ni kwamba haiipiki picha upya. Inachukua mawimbi kama yalivyoshuka, inayaweka kwenye diski, na chaneli ya kawaida inakula kama giga moja na nusu hadi mbili kwa saa. Diski yangu ilikuwa na nafasi ya mfungo mzima.

Nilikwenda dukani nikijua ninachotaka, hilo lieleweke. Nilimwambia muuzaji, "Ndugu yangu, nataka S2, sitaki S." DVB-S ni mfumo wa kurushia matangazo kwa setilaiti, wa miaka ya tisini. DVB-S2 ilikuja 2005, na tangu hapo matangazo mengi, hasa yenye picha nzuri, yamekuwa yakihamia huko. Kadi ya S2 inafungua yote mawili, ya S haiwezi kufungua S2 hata uifanye nini, hata upande dishi la futi kumi na mbili. Na masafa ya chaneli ya Makka niliyokuwa naifuata yalikuwa ya S2. Chaneli yenyewe haijafungwa, haina kifurushi, ni ya bure kwa kila mwenye dishi. Kijana akanisikiliza, akaingia nyuma, akarudi na boksi lenye stika nyekundu: S2. Laki na themanini. Nikatoa.

Nyumbani nikafungua kompyuta, nikaichomeka, nikaweka draiva na ProgDVB, programu ya kutazamia chaneli. Mwanzo haikushika kitu, nikagundua kosa ni langu: programu ilikuwa bado imewekwa kwa LNB ya Ku, ile ya vidishi vidogo, ambayo namba zake ni 9750 na 10600, wakati ya C ni 5150. Nikabadilisha, nikasachi. Zikaja chaneli chache, mahubiri, redio kadhaa, picha zikitembea vizuri tu. Nikashangilia. Nikaenda kwenye masafa ya Makka. Mstari wa nguvu umejaa mpaka mwisho, mstari wa ubora sifuri. Nikarudia, hali ikawa ile ile.

Hapo ndipo kadi ile iliponila siku zangu. Kwa sababu ilikuwa inashika baadhi ya chaneli, sikuishuku hata kidogo, nikalishuku dishi. Nikapanda batini saa saba mchana, nimefunga, bati linaunguza viganja, mke wangu chini anapiga kelele "Kushoto kidogo! Hamna! Rudi!" Nikakaza nati, nikalegeza nati, nikazungusha LNB, nikakata ncha ya waya na kufunga koneta mpya. Kesho yake tena. Kisha nikamwita fundi dishi, akapima kwa kile kimashine chake cha mkononi, akanitazama kwa huruma. "Bosi, dishi lako halina tatizo. Tatizo liko ndani." Elfu ishirini yake nikampa. Mvua za masika nazo zikaanza, batini kukawa utelezi.

Na kila asubuhi mzee analetwa barazani, anaketi, anaangalia kioo cha kompyuta. Haulizi, anaangalia tu, kisha ananiangalia mimi, kisha anachukua tasbihi yake. Asiyewahi kutazamwa vile na baba yake mgonjwa hawezi kujua ninaongea nini.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani anayesoma chuo cha ufundi cha DIT. Alikuja na Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi, akawasha kompyuta kwa hiyo flashi bila kugusa Windows yangu, akaandika neno moja kwenye ule ukurasa mweusi, ikatiririka mistari mingi. Akasimamisha kidole. "Anko, soma hapa." Ilikuwa imeandikwa STV0299 DVB-S. Basi, imeishia kwenye S, haina mbili. STV0299 ni chipu ya zamani inayosoma DVB-S peke yake, na kompyuta ilikuwa imeitambua kwa jina lake. Nikachukua boksi, nikaikwangua ile stika nyekundu kwa ukucha. Ilitoka kwa shida, ikiacha gundi. Chini yake, kwa herufi za kiwandani, palikuwa pameandikwa DVB-S.

Jina la kadi siliandiki. Kiwanda kiliandika ukweli kwenye boksi lake, aliyeufunika ni mwingine.

Nikarudi Kariakoo. Nilikuwa nimejitayarisha kuongea kwa upole, nasema kweli, nimefunga, sikutaka ugomvi. Nikamsalimia, nikamwonyesha boksi, nikamwonyesha picha ya ule mstari kwenye simu. Nikasema, "Kijana wangu, nadhani pametokea makosa, naomba tu unibadilishie, na kama S2 ina bei zaidi nitaongeza." Hakuitazama hata simu. Akaonyesha kwa kidevu kikaratasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia hiyo ni kwa mtu aliyebadili mawazo, mimi nimepewa kitu kingine kabisa. Akacheka, akawageukia wateja wengine, duka limejaa, akasema kwa sauti:

"Mzee, kama huna hela ya kifurushi si useme tu? Wenzio wanalipia, wewe unahangaika na vya bure, halafu vya bure vikikushinda unakuja kutusumbua sisi."

Watu wakacheka. Akainua kadi yangu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaiachia idondoke juu ya kaunta ya kioo. Lile bati lake la kufungia likapinda. Mimi nimeuza kwenye duka langu mwenyewe miaka mingi, nimekutana na wateja wa kila aina, sijawahi kukiangusha kitu cha mtu namna ile.

Sikujibu. Nilikuwa na maneno, lakini nilikuwa na swaumu pia. Nikaiokota, nikaondoka, na kwenye daladala mpaka Mbagala mikono inatetemeka. Risiti aliyonipa ilikuwa ya mkono, si ya EFD, ile mashine ya kodi, na hilo ndilo kosa langu la pili. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu aina ya bidhaa, lakini ukienda kulalamika na kikaratasi kisicho na jina la duka unaanzia wapi? Dai risiti ya EFD pale pale, hela ikiwa bado mkononi mwako.

Usiku ule nikamwambia kila aliyenisikiliza: msinunue kadi za setilaiti, ni utapeli mtupu, nunueni risiva ya elfu hamsini mlale. Nililisema kwa moyo wote na ningeliandika hapa na kuishia hapo.

Ila jirani yetu mmoja akanielekeza kwa fundi mmoja wa Gerezani, mtu mzima, anatengeneza risiva kwenye kibanda, dishi lake liko juu ya paa. Nikapakia kompyuta nzima kwenye bajaji. Alikuwa na kadi iliyotumika, ya S2, akaigeuza na kunionyesha kila kitu kabla sijauliza. Akaitazama mazabodi yangu kwanza: "Hii ya kwangu ni PCI Express, una bahati unayo sloti yake. Kompyuta mpya nyingi hazina tena PCI ya zamani, watu wananunua kadi halafu hawana pa kuichomeka." Akaniambia pia kwamba wenye laptopu wanachukua ile ya USB, lakini wahakikishe imekuja na adapta yake ya umeme, maana LNB inataka volti 13 au 18 na tundu la USB halina ubavu huo. Na akanionya kuhusu namba kwenye majina: SkyStar 2 ni DVB-S tu, hiyo mbili ni ya jina lake, wakati SkyStar HD2 ni S2 kweli. Akaunganisha waya wake, akasachi, na mstari wa ubora ukapanda mbele ya macho yangu kabla sijatoa hata shilingi. Yule fundi nikamwita baba kwa heshima, "Shikamoo baba, hebu niambie nikulipe ngapi." Alichukua kidogo kuliko nilichopigwa Kariakoo.

Kwa hiyo lile neno langu nalifuta. Kadi ikiwa ndiyo, hakuna risiva niliyowahi kuitumia inayoifikia. Inarekodi kwa saa niliyoipangia bila mimi kuwepo, na chaneli zilizo kwenye masafa mamoja inazichukua kwa pamoja. Kompyuta yangu ni ya zamani, chaneli za HD inazisukuma kwa jasho, feni inalia kama mashine ya kusaga, lakini kurekodi hakumsumbui mtu, ni kuandika tu kwenye diski. Na masika ya mwaka ule yalipiga kweli kweli, majirani wenye vidishi vya Ku walikuwa gizani, C yetu haikutikisika.

Hata ile kadi ya kwanza nimeinyoosha bati lake, nimeichomeka kwenye kompyuta kuukuu ya duka, inanishikia redio na chaneli zilizobaki kwenye DVB-S. Haina kosa kadi ile. Na wakati mwingine nawaza huenda hata yule kijana aliletewa boksi likiwa na stika tayari, hakujua lolote, anauza tu alichopewa auze. Inawezekana. Nikifika hapo karibu nimsamehe, kisha linanirudia lile neno la "kama huna hela", na kile kicheko, na zile siku za batini, na nasema hapana. Stika huenda alibandikiwa, lakini lile neno lilitoka kinywani mwake.

Rekodi ya kwanza ilikuwa ya usiku wa ishirini na tatu. Ishirini na mbili zilikuwa zimeshapita na hazirudi. Asubuhi nikamketisha mzee barazani, nikabonyeza, Kaaba ikajaa kioo kizima, watu wanazunguka, imamu akaanza Fatiha. Baba akaishusha tasbihi mapajani. Akakaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza. Kisha akasema, "Ongeza sauti," nikaongeza, akasema, "Ongeza tena."

Sasa anataka na ya Madina. Nimeshaiona kwenye orodha, ipo wazi, masafa yale yale. Jumapili nanunua diski nyingine.