Datsun 240Z: ufufue L24 au uweke L28?
Gari hili lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973 lilitoka kiwandani na injini ya L24, silinda sita, lita 2.4. Ukiifufua utabadilisha ringi na beringi, kisha usawazishe kabureta mbili, na hizo zitakutesa mpaka sikio lizoee mlio. Faida yake ni namba ya injini kubaki ileile; wanunuzi wa magari ya kale huitazama mapema.

L28, injini ya lita 2.8 ya 280Z (toleo la baadaye la gari hili), ni ndugu yake: hukaa kwenye mauntingi (vishikizo vya injini) zilezile bila kukata bodi, na huvuta vizuri zaidi kutoka mizunguko ya chini.

Mimi ningefunga L28, L24 niitunze chini ya turubai. Ila kwanza chokonoa sakafu na chini ya betri kwa bisibisi. Kutu ikitoboka, pesa ya injini ni ya mchomeleaji.