Duka la rangi Kirinyaga Road: kijivu yangu ilikataa kuwa kijivu

Hii nitaandika ndefu kidogo, mnisamehe, imenikalia karibu mwezi. Jina la duka sitaji juu niko na mazuri na mabaya ya kusema na sitaki kusumbuana na mtu, lakini ni moja ya hizo duka za rangi ziko Kirinyaga Road hapa Nairobi, zile za mashine ya kuchanganya kwa kaunta.

Sisi tunakaa flati Umoja, ghorofa ya tatu, na landlodi alikubali tupake sitingiruumu bora tukihama turudishe krimu yake. Mnaijua hio krimu. Ukihama kutoka Kasarani uende Pipeline unaipata imekungoja huko. Mimi nilikua nataka kijivu, basi.

Nilifika nikachagua kadi ya rangi chini ya taa za tyubu za duka, nikaitisha debe la lita nne, dada wa kaunta akakataa kuniuzia. Kweli kabisa, alikataa. "Anti, hio usinunue leo. Chukua kakopo kadogo ukajaribu kwa nyumba." Nikajua hapa natolewa pesa ya ziada. Alafu akaanza kuniuliza maswali, jua linaingia kwenu asubuhi ama jioni? Balbu ni ya njano ama nyeupe? Dirisha linaangalia nini? Nikamwambia jioni, nyeupe, na hapo chini kuna kanisa la mabati ya kijani. Akacheka tu. "Haya, utaona mwenyewe."

Kakopo ni mia nne. Akanishow nisipake kwa ukuta moja kwa moja, krimu ya zamani itanidanganya macho, nipake karatasi ya manila nyeupe mara mbili, ingoje ikauke juu hizi rangi za maji huwa zinakolea zikikauka, ndio nianze kuitembeza ukuta kwa ukuta kutwa nzima.

Sasa skizeni. Asubuhi ilikua kijivu sawasawa. Saa sita, jua likiwa juu kabisa, mwanga unaoingia kwetu ni ule umegonga mabati ya kanisa, manila ikakua kijani kama sare ya shule. Saa kumi na moja jua linaingia lenyewe, ikageuka ya udongo. Usiku tukiwasha balbu, bluu. Manila ni hio hio moja!

Na hapo ndipo vita ilianzia, juu Baba Imani hutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, yeye ukuta wa mchana hajawahi kuuona isipokua Jumapili. Akasema umeleta bluu, mimi nikasema hii ni kijivu, wewe macho yako iko na shida. Mnakumbuka ile picha ya nguo iliyozunguka mtandaoni 2015, wengine wakiona bluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu? Basi ilihamia kwangu. Ile nguo kwa kweli ilikua bluu na nyeusi, ni vile ubongo hukisia taa ya mahali ni ya aina gani kisha unaitoa kwa hesabu, na watu hawakisii sawa. Lakini yetu sisi haikua hata ya ubongo, ni taa tofauti. Balbu yetu ilikua imeandikwa 6500K, hio ni nyeupe ya kuelekea bluu. Tukaweka ya 3000K, hio ya kuelekea njano, vita ikaisha nusu.

Kando kidogo: kabla ya hapo nilikua nimejaza kichwa na video za Waingereza, ati chumba cha kuangalia kaskazini ni baridi, kipake rangi ya joto. Kwao ni sawa, saa sita mchana jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko digrii moja na kitu chini ya ikweta, Juni jua linapitia kaskazini na Desemba kusini, hio ushauri hapa haina kazi. Swali la huyo dada la asubuhi ama jioni ndio lilikua na maana.

Nikarudi. Katalogi yao iko na majina ya ajabu, ukungu wa sijui wapi, mchanga wa ufuo gani, yeye akaifunga akaniuliza, "Unataka jivu la makaa ama jivu la kuni?" Nikaelewa hapo hapo! Si hata neno kijivu limetoka kwa jivu, kama kahawia ilivyotoka kwa kahawa. La kuni liko na uvuguvugu kidogo. Kakopo ingine mia nne, manila ingine, saa sita ikanyamaza. Hio ndio tulipaka na naipenda hadi leo.

Sasa mabaya. Nyuma ya tivii nilitaka damu ya mzee. Siku hio dada hakuako, kulikua na kijana wa mashine. Nikampea vipimo, akanihesabia makopo mawili ya lita moja, koti mbili, yaani kupaka mara mbili. Hesabu ni sawa kwa rangi hafifu, lita huwa inafunika kama mita kumi mraba. Lakini rangi nzito huchanganywa kwa besi (ile rangi ya msingi mashine huongezea rangi) isiyo na weupe mwingi, na huo weupe ndio hufunika, kwa hivyo koti mbili ziliisha na krimu bado inachungulia. Fundi akaniangalia tu. "Madam, hii inataka nne."

Nikatuma boda aongeze mengine mawili, kodi (ile namba ya rangi) ile ile, na ikakauka tofauti. Si sana, lakini katikati ya ukuta kulikua na mstari unaonekana hadi kutoka jikoni. Nikarudi na vifuniko, kijana akasema kodi ni moja, hakuna kitu atafanya, tukatoa vifuniko nje kwa jua ndio akanyamaza. Pesa hakurudisha. Fundi ndiye aliniokoa, akamwaga yote iliyobaki kwa ndoo moja akakoroga akapiga ukuta mzima tena. Kwani ni ngumu aje kumwambia kastoma anunue yote siku moja na achanganye pamoja kabla ya kuanza?

Alafu kijivu iliyo kando ya maruni ikaanza kuonekana ina ukijani tena! Nusura nilie. Kumbe nyekundu hufanya hivyo kwa jirani yake, kuna Mfaransa, Chevreul, aliandika hio mambo 1839, watu walikua wakilalamika rangi nyeusi ya kiwanda cha mazulia ni mbovu na shida ilikua rangi zilizofumwa kando yake. Nikasukuma kabati pale kwa kona zinapokutana, ikatulia.

Nyota nne, tano zote ni za dada na moja nimetoa ya kijana. Jumamosi msiende, foleni inafika nje, na parking hakuna. Chumba cha kulala bado ni krimu, Jumanne narudi na kipande cha pazia, lakini kwanza napiga simu niulize nani yuko kaunta.