Uzi wa pamba au wa akriliki kwa foronya ya mto wa kochi? Tathmini baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa, mito miwili imekaa kwenye kochi la sebule yetu hapa Kirumba, kila mmoja ukiwa na foronya niliyoifuma mwenyewe kwa mchoro uleule, vipimo vilevile na sindano za unene uleule. Kilichotofautiana ni uzi tu. Foronya ya kwanza ni ya akriliki, uzi ambao hapa Mwanza huupati kwa shida na ambao wengi wetu tumeuzoea katika masweta ya watoto. Ya pili ni ya uzi wa pamba unaouzwa kwa madonge ya gramu 100, ambao nilinunua kwa karibu mara tatu ya bei ya akriliki. Tathmini hii ni ya uzi huo wa pamba, na akriliki nimeiweka kando yake ili iwe kipimo. Nimeona kwamba kwa foronya yenye mchoro wa kuinuka, pamba inastahili bei yake, ingawa inamdai mfumaji subira na mikono isiyo na haraka.

Mchoro niliotumia ni wa mkeka, yaani vijisanduku vya vitanzi sita kwa mistari minane, kimoja cha vitanzi vya kawaida na kinachofuata cha vitanzi vya kinyume, vikipishana kama ukili uliosukwa. Nilianza na vitanzi 80, viwili kati yake vikiwa vya ukingoni ili viingie kwenye mshono, nikafuma mistari 104 kwa sindano za milimita 4.5. Kwa mkono wangu, sentimita 10 huchukua vitanzi 18 na mistari 24, hivyo kila kijisanduku kikawa mraba kamili na upande wa mbele ukatoka na vijisanduku 13 kwa 13, karibu sentimita 43 kila upande. Mto wenyewe una sentimita 45. Foronya ya kufuma inapaswa kuwa ndogo kidogo kuliko mto wake, kwa sababu ikilingana nao au kuuzidi, italegea pembeni na mchoro utakunjamana badala ya kutunishwa na sponji iliyo ndani.

Hapo ndipo uzi wa pamba ulipojionyesha. Mchoro wa aina hii hauna rangi mbili wala maua. Unaonekana kwa sababu ya kivuli tu, pale kijisanduku kimoja kinapoinuka na jirani yake kuzama. Nyuzinyuzi za akriliki niliyoitumia zina manyoya mepesi yanayojaza mabonde hayo, na ukiisogeza foronya mbali kwa hatua tatu huoni tena mkeka bali kitambaa kinene chenye mawimbi. Pamba imesokotwa kwa kukaza na uso wake ni safi, hivyo kila kitanzi kinasimama peke yake. Saa kumi na moja jioni, jua linapoelekea ziwani na mwanga kuingia kwa ubavu kupitia dirisha letu, ule mto wa pamba wa kijivu hunikumbusha miamba yetu ilivyopangana juu ya vilima, na wageni huunyooshea mkono kuupapasa kabla hawajaketi.

Kazi ya kuufuma, hata hivyo, si nyepesi. Pamba hainyumbuki. Akriliki ukiivuta hurudi, na hivyo husamehe mkono ambao leo umekaza na kesho umelegeza. Pamba hubakiza kila kosa mahali lilipotendeka. Baada ya saa moja viganja vyangu vilikuwa vikiuma, jambo ambalo halijawahi kunitokea kwa sweta. Nilipobadili sindano za mianzi nikachukua za chuma, uzi ukaanza kuteleza vizuri zaidi na maumivu yakapungua, kwa hiyo nawashauri wanaoanza wasitumie mianzi kwa pamba hata kama ndizo walizo nazo. Wale waliojifunzia kufuma kwa spoku za baiskeli, kama nilivyojifunza mimi utotoni, wajue kwamba spoku ina unene wa takriban milimita mbili tu, nao ni mwembamba mno kwa uzi huu. Kitambaa kitakakamaa kama ubao.

Jambo la pili la kuzingatia ni uzito. Kwa gramu zilezile 100, pamba hutoa urefu mdogo kuliko akriliki, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zenyewe ni nzito zaidi. Upande wa mbele peke yake ulimaliza donge moja na kuingia kidogo katika la pili, wakati wa akriliki haukumaliza hata donge moja. Kwa sababu hiyo sikufuma upande wa nyuma. Nilinunua kitambaa kizito cha pamba cha rangi inayokaribiana, nikampelekea fundi cherehani, naye akaweka zipu na kuunganisha pande mbili. Alinionya neno moja la maana: "Dada, kitambaa cha kufuma kisivutwe chini ya sindano ya cherehani, kiache kiingie chenyewe, la sivyo ukingo utatanuka na hautarudi." Alikibana kwa pini kila baada ya vidole viwili, akashona polepole, na ukingo ukatoka umenyooka. Nyuma ya kitambaa pia imesaidia kuzuia foronya kulegea, kwa sababu pamba iliyofumwa hujivuta kwa uzito wake yenyewe.

Kuhusu ununuzi, nina malalamiko ambayo wanunuzi wengine wanapaswa kuyajua. Katika duka moja la katikati ya jiji, ambalo sitalitaja, niliuziwa madonge mawili yaliyoviringwa upya bila lebo. Muuzaji alinihakikishia kwamba yote yametoka katika mzigo mmoja, na chini ya taa ya duka yalionekana mamoja kabisa. Nilipofika safu ya 12 ya vijisanduku na kuunganisha donge la pili, mchana wa siku iliyofuata nilikuta mstari wa kijivu kingine umekatiza foronya kutoka ukingo hadi ukingo. Nililazimika kufumua sehemu ile yote na kutafuta uzi upya. Lebo ya donge la uzi ina namba ya rangi na, pembeni yake, namba ya mzigo wa kutiwa rangi; namba hiyo ya pili isipofanana, rangi haziwezi kuaminiwa hata kama jina lake ni moja. Usikubali donge lisilo na lebo, na uyatazame madonge yako nje, juani, kabla hujalipa.

Madonge niliyoyapata baadaye, yenye lebo kamili, yalikuwa ya pamba asilimia 100, yametengenezwa Uturuki. Hili lilinigusa. Kuanzia Magu na Kwimba hadi Simiyu na Shinyanga watu wanalima pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba la Victoria liliundwa katika ukanda huu mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, na hadi leo malori ya pamba hupita barabarani wakati wa msimu. Lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu, yaani pamba iliyokwisha kutolewa mbegu, huuzwa nje kabla haijawa uzi, na mfumaji wa Mwanza akitaka donge laini la kufumia hununua lililovuka bahari. Ningefurahi sana kuandika tathmini ya uzi wa kufumia uliosokotwa hapahapa.

Kulikuwa pia na pamba ya aina ya pili, ile inayong'aa. Mng'ao huo unatokana na kuuzamisha uzi katika soda kostiki, njia iliyogunduliwa na Mwingereza John Mercer mwaka 1844, na ambayo Horace Lowe aliiboresha mwaka 1890 kwa kuuvuta uzi wakati wa kuuzamisha. Uzi wa namna hiyo ni imara zaidi na hushika rangi vizuri. Nilichagua usiong'aa kwa sababu nilitaka kivuli cha mkeka kionekane bila mwanga kurukaruka juu yake, na sijutii, ila kwa mto utakaokaa karibu na dirisha ningefikiria mara mbili. Baada ya miezi minane upande wa pamba unaoelekea jua umepauka kidogo, ilhali akriliki, ambayo hustahimili jua vizuri, bado ina rangi yake ya siku ya kwanza.

Katika kufua, matokeo yamegawanyika. Kabla ya kuanza nilifuma kipande cha majaribio cha sentimita 15, nikakifua na kukianika, nacho kilirudi kidogo kwa urefu. Bila kipande hicho foronya ingetoka fupi. Tangu hapo nimeifua mara tano kwa maji ya uvuguvugu, na kila mara vijisanduku vimerudi vikiwa vimenyooka baada ya kuitandaza juu ya taulo na kuivuta pembe zake kwa mkono. Isianikwe kwenye kamba, kwani maji huifanya nzito na huirefusha upande mmoja. Wakati wa masika ilichukua siku mbili kukauka, na akriliki ilikauka kwa nusu siku. Lakini akriliki imeanza kutoa vipunje vya manyoya pale vichwa vinapoegemea, na siku msaidizi wetu alipoipitishia pasi ya moto, vijisanduku vinne vililala na havikuinuka tena. Pamba imepigwa pasi kwa mvuke upande wa ndani bila madhara yoyote.

Kwa mtu anayefuma kwa mara ya kwanza, au anayetaka mito ya chumba cha watoto itakayofuliwa kila wiki, akriliki inatosha na itamwachia fedha za sponji nzuri. Kwa sebule, kwa mchoro wa mkeka, wa punje au wa misuko, ningempa mfumaji uzi wa pamba bila kusita, mradi anunue madonge yote kwa pamoja na kuongeza moja la akiba. Mimi nimeshachukua matano ya rangi ya maziwa, yote ya mzigo mmoja, na foronya ya tatu imefika mstari wa 40.