Umenyimwa kiti cha magurudumu: urudi palepale au upande juu?

Mtu wa Micheweni, Pemba, ametathminiwa, akaambiwa hastahiki kiti cha magurudumu. Ana njia mbili.

Ya kwanza ni kurudi kwa waliomtathmini na kuomba waangalie upya. Haihitaji wakili, na mara nyingi tatizo liko wazi: mtathmini alimwona akipiga hatua chache barazani, akaandika "anatembea". Hakuuliza kama anafika chooni usiku, au msikitini masika yakishageuza njia kuwa tope. Hapa ndipo pa kukazania. Cheti cha daktari peleka, lakini ongeza maelezo ya siku nzima: nani humnyanyua, wapi huanguka, kazi gani ameiacha. Barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) husaidia kuthibitisha mazingira anayoishi. Ya kitabibu mwachie daktari. Ubaya wa njia hii ni kwamba unamwomba mtu ajikosoe mwenyewe.

Ya pili ni kutoka nje ya ofisi hiyo: Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2006, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kwa ushauri. Unapata jicho jipya, ila safari na makaratasi huongezeka, na bila jibu la maandishi huna cha kushika. (Ukiambiwa "njoo wiki ijayo", bado hujajibiwa.)

Mimi ningeanza na ya kwanza, kwa barua, nakala yangu ikigongwa muhuri wa kupokelewa. Lakini kama aliyekataa hakumwona mhusika kabisa, ningepanda juu moja kwa moja.