Suti ya neoprini kwa mtoto mwenye mzio wa baridi: majini ni nzuri, kazi iko mnapotoka

Suti hii ya kuogelea nimeipa nyota nne. Maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kuinunua yaliandikwa na wazazi ambao watoto wao wakisikia baridi hutetemeka, wakajifunika taulo, yakaisha. Haya yangu ni kwa wazazi ambao baridi ikimgusa mtoto, ngozi inafura.

Binti yangu ana mzio wa baridi. Akishika kitu cha baridi, au upepo ukimkuta na jasho mwilini, ngozi ya mahali pale inawasha, inakuwa nyekundu na kuinuka mabaka. Mara nyingi mabaka yanachachamaa wakati ngozi inaanza kupata joto tena, na hapo ndipo watu wanaposhindwa kutuelewa: mtoto yuko ndani, amefunikwa gubigubi, ndiyo kwanza anajikuna! Daktari aliuthibitisha kwa kipande cha barafu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikiweka mkononi mwa binti yangu dakika 5, akakitoa, tukasubiri dakika 10. Umbo la barafu likajichora kwenye ngozi, limevimba. Mwenyewe alicheka, akaomba na mkono wa pili.

Kwa mtoto wa namna hii hakuna baridi ya kuogopwa kama ya maji. Akishika barafu, histamini (kemikali ya mwili inayoleta muwasho na uvimbe) inatoka pale mkononi tu. Akizama kwenye maji baridi, inamwagika mwili mzima kwa mpigo, presha inaweza kushuka ghafla, akazirai akiwa humo humo majini. Ndiyo maana kwa muda mrefu tulimnyima kuogelea. Daktari mwenyewe hakutukatalia kabisa. Alitaka dawa ya mzio inywewe kila siku (anatumia setirizini ya maji), maji yasiwe ya baridi, mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye na si kukaa pembeni na simu, na sindano ya adrenalini, ile ya dharura mzio ukizidi, iwe jirani. Suti aliiita nyongeza. Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu lebo ya suti yenyewe imeandikwa kwamba "inazuia baridi". Haizuii. Inaichelewesha, na kwa kazi hiyo naisifu.

Yetu ina mikono na miguu mirefu, unene wa milimita 3 kiwiliwilini na 2 mikononi. Neoprini ni mpira wenye vipovu vidogo vya gesi ndani yake, na vipovu hivyo ndivyo vinavyofanya joto lisitoroke. Maji yanapenya kidogo, yanakaa kati ya mpira na ngozi, mwili unayapasha. Sasa, yale maji ya kwanza kupenya yanakuja na baridi yake. Mtoto mwingine hapo atapiga kelele na kucheka. Wetu atatoka mabaka mgongoni. Kwa hiyo kabla hajaingia tunammiminia maji ya uvuguvugu kupitia shingoni mpaka suti ishibe, ndipo anashuka taratibu, miguu kwanza. Hakuna maelezo ya bidhaa yanayokuambia hivyo, na kwetu ndilo lililosaidia kuliko unene wa mpira.

Kipimo nacho kina maana. Ikipwaya, kila anapopiga mkono maji ya zamani yanatoka na mapya ya baridi yanaingia, hapo umenunua nguo tu. Msimchukulie kubwa ili aivae na mwakani. Ushauri huo ni wa sare za shule.

Uso, viganja na nyayo vinabaki wazi, na huko mabaka bado yanatoka, hasa mashavuni. Soksi za neoprini anazivaa. Glavu alizikataa, nami sikubishana naye. Midomo ikianza kuvimba tunatoka, hakuna "dakika moja tu, baba".

Na kutoka ndiko kwenye kazi. Suti iliyolowa ikipigwa na upepo, maji yanayokauka juu yake yanaondoka na joto, kwa hiyo anaweza kupata baridi zaidi nje kuliko alivyokuwa majini. Zipu ya mbele ndiyo iliyonifanya nichague hii. Zile za mgongoni mtoto anazunguka kuutafuta uzi huku viganja vimeshaanza kuvimba. Hapa ni kushusha zipu, kuvua mabega, taulo, nguo kavu, kofia. Tunamvulia mahali pasipo na upepo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mapaja. Sindano ya adrenalini inachomwa upande wa nje wa paja, na maelezo yake yanasema inaweza kupita kwenye nguo. Nguo ni sawa, ila mpira huu mnene unaobana sikutaka kuubahatisha, na suti ni kipande kimoja: kulifikia paja ni lazima uivue yote. Tulifanya mazoezi nyumbani kwa sindano ya kujifunzia, ile isiyo na sindano ndani, mimi na mama yake tukipokezana, mtoto amejilaza akijifanya amezimia na kutukosoa. Imelowa, inang'ang'ania mwilini. Sasa mkasi imara unakaa kwenye mfuko mmoja na sindano, na suti ikibidi itachanwa. (Mfuko huo, tafadhali, usiwekwe pamoja na vinywaji vya baridi wala juani. Adrenalini haitaki friji wala joto kali.)

Watu wataniuliza maji yawe nyuzi ngapi. Tunacho kipimajoto kinachoelea, lakini namba yetu haitawafaa. Kila mwenye mzio huu ana kiwango chake. Zipo hospitali zenye kifaa kinachopima ngozi kuanzia nyuzi 4 hadi 44 ili kujua mabaka yanaanzia wapi. Na kama mtoto wako aliwahi kuzirai au kupumua kwa shida kwa sababu ya baridi, usiinunue kabla ya kuongea na daktari wake.

Mengineyo ni madogo. Klorini imeichujua rangi mabegani, mishono ni mizima, zipu haijakwama. Imeanza kumbana makwapani, kwa hiyo itabidi tununue nyingine, na safari hii natafuta ya vipande viwili, jaketi peke yake na kaptula peke yake. Mwenye kuijua yenye zipu ya mbele aniandikie hapa chini.