Kliniki ya kifafa Upper Hill: hapa mdogo wangu alieleweka

Kama una mgonjwa wa kifafa nyumbani na umechoka kuzungushwa, naipendekeza kliniki ndogo ya ubongo na mishipa ya fahamu tuliyoipata Upper Hill, Nairobi. Naipendekeza kwa sababu ya daktari na fundi wa kipimo. Mapokezi ni habari nyingine, nitafika huko.

Mdogo wangu ana miaka 22. Kifafa chake si kile cha kuanguka na kutoa povu ambacho kila mtu hapa Umoja anakijua. Huanza na hofu inayompanda kutoka tumboni, kisha anakodoa macho, anatafunatafuna ilhali hana kitu mdomoni, na mkono wa kulia unachezea vifungo vya blauzi. Baada ya dakika moja au mbili anauliza tulikuwa tunasema nini. Kanisani walisema ni pepo. Kituo kimoja cha afya kilisema ni mawazo mengi, apumzike. Kwingine alipimwa umeme wa ubongo, EEG, kipimo kikatoka safi, lakini akaandikiwa dawa ya kifafa iitwayo valproati hata hivyo, akaimeza muda mrefu bila mtu kumuuliza kama siku moja angependa kuzaa.

Hapa walianza upya. Tuliagizwa usiku wa kuamkia kipimo alale kwa muda wa saa nne tu, nywele zioshwe na zisipakwe mafuta. Aliyesuka afumue, maana elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo, lazima ziguse ngozi. Fundi, dada mpole sana, alipima kichwa kwa utepe, akaweka alama kwa penseli, akabandika elektrodi moja moja kwa dawa nzito inayonata. Mama alipoona nyaya zote zile alishtuka. Fundi akamwambia, "Mama, mashine haimtii umeme. Inasikiliza tu ule wake mwenyewe." Akaongeza kwamba hiki si kitu cha majaribio: Hans Berger, daktari wa akili wa Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Kisha mdogo wangu akaambiwa apumue kwa nguvu dakika tatu, akamulikwa taa inayowaka na kuzima, akaachwa asinzie. Hitilafu ilijitokeza usingizini, na ndiyo maana kipimo kimoja kilichotoka safi hakimaanishi huna kifafa.

Daktari aligeuza skrini tuone. Upande wa kushoto, usawa wa juu ya sikio, mistari iliyokuwa ikitiririka ilichongoka ghafla, ikatulia, ikachongoka tena. Akaeleza kwamba seli za ubongo huwasiliana kwa umeme na kemikali. Kemikali ya glutamati huzichochea, nyingine iitwayo GABA huzituliza. Mizani ikivurugika, kundi zima hulipuka kwa pamoja. Kwa mdogo wangu, kundi hilo liko jirani na amigdala, inayohusika na hofu, na hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Ndiyo sababu anaogopa kwanza, halafu anasahau. Mama akauliza, "Kwa hiyo daktari, si pepo?" Akajibiwa, "Hapana mama. Ni ugonjwa wa ubongo, na una dawa." Sijawahi kumwona mama akishusha pumzi vile.

Alituuliza pia kuhusu degedege la utotoni, kwa kuwa lile linalodumu muda mrefu linaweza kuacha kovu kwenye hipokampasi. Akatuandikia MRI, yaani picha ya ubongo. Halafu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, alimuuliza mdogo wangu mwenyewe kama analala vizuri na kama kuna siku haoni sababu ya kuamka. Alisema wagonjwa wengi wa kifafa hupata sonona, na si kwa sababu ya kuchekwa tu; maeneo yale yale ya ubongo yanahusika na hisia. Mdogo wangu alilia, na daktari hakumharakisha.

Kuhusu dawa alikuwa mkweli. Valproati inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hatari hiyo ilipaswa kuelezwa tangu mwanzo. Lakini hakuikata ghafla, maana kuacha dawa ya kifafa kwa mkupuo kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Aliongeza dawa nyingine ya kifafa, lamotrijini, akachora ratiba kwa mkono: kidonge kidogo siku moja, siku ya pili hakuna, wiki mbili hivyo, ndipo kila siku. Chini akapigia mstari: vipele vikitoka, rudini siku hiyo hiyo.

Sasa mapokezi. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi, tukaitwa saa sita. Mgonjwa aliyeamriwa alale kidogo tu anasinzia kwenye benchi, na usingizi ule ndio kipimo kinauhitaji. Isitoshe, kukosa usingizi kwenyewe huamsha kifafa. Tena mhudumu aliita kwa sauti mbele ya watu wote, "Yule wa kifafa!" Mdogo wangu ana jina. Nimewaandikia kuhusu haya mawili na nitafuatilia hadi yarekebishwe.

Tulilipa shilingi 8,000 kwa kipimo na 3,500 kumwona daktari, kwa M-Pesa. Ukienda, beba dawa zote anazotumia na karatasi za zamani. Zaidi ya yote, mrekodi mgonjwa kwa simu kifafa kikimshika, uso na mikono yote ionekane. Daktari aliirudiarudia video yetu kabla hajagusa karatasi hata moja.